Fimbo ya Saba

Asubuhi ya Jumatatu ile, Khaemba alipanga fimbo sita juu ya meza ya karakana. Ya saba aliiacha pale alipoificha, nyuma ya mifuko ya zamani ya fimbo, naye akawa anajaribu kutoangalia upande ule.

Sheria ya mashindano ya wafanyakazi ilikuwa fimbo saba, zisizidi. Khaemba alikuwa fundi wa fimbo katika klabu ya gofu hapo Nakuru, mtu wa miaka thelathini na minane kutoka upande wa Kimilili. Mwaka mzima alisugua vyuma vya Wazungu kwa ule unga mweupe wa kung'arishia unaochimbwa Kariandusi, akafunga ngozi mpya kwenye mishikio, akapaka vanishi vichwa vya mti. Siku moja tu katika mwaka wafanyakazi waliruhusiwa kucheza wenyewe, na kila mmoja alichagua fimbo zake katika sanduku la zile zilizotupwa. Kwake yeye, kuchagua kulikuwa nusu ya sikukuu.

Alikuwa amechagua vizuri. Chuma namba mbili, cha kupiga mpira chini chini upepo wa ziwani ukivuma. Namba tano. Namba saba, ambayo shingo yake aliinyoosha mwenyewe kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani. Namba tisa. Ile nene ya kutolea mpira mchangani. Na ya kusukumia mpira shimoni, nyepesi, yenye mpini wa mti wa kizamani, ambayo hakuna aliyeitaka ila yeye.

Ya saba ilikuwa ile ya kichwa kikubwa cha mti, ya kupigia mpira wa kwanza. Aliitengeneza kwa miezi miwili. Kichwa kilikuwa chepesi mno, kikakosa nguvu, na kila fundi anajua dawa yake: unafungua kibati cha shaba kilicho chini ya kichwa, unatia risasi kidogo ndani, yale madini laini mazito, ili kuongeza uzito, unafunga. Lakini akiba ya risasi katika karakana ilikuwa imekwisha. Ndipo siku moja, kwenye nyasi ndefu za mpakani, akaokota fataki nzima ya bunduki ya kuwindia bata, iliyoangushwa na Mzungu fulani akitoka ziwa Elmenteita. Aliipasua kwa kisu. Baruti akaimwaga chini, ganda akalitupa chooni, na marisau, vile vipunje vidogo vya risasi, akavitia ndani ya kichwa cha fimbo pamoja na gundi. Akafunga skrubu nne. Siku hiyo aliimba akienda nyumbani.

Hakuwa amejua. Hayo ndiyo aliyomwambia Mungu tangu Jumamosi, tena na tena. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akihudhuria madarasa ya ngumbaru jioni, karibu na nyumba za reli, na Jumamosi ile, akipita penye ukuta wa jiko, alisimama kusoma tangazo la serikali ambalo alikuwa amelipita mara mia bila kulijali. Alilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Atakayepatikana na bunduki, au risasi, au sehemu ya risasi, bila kibali, anaweza kuhukumiwa kunyongwa. Alirudi mwanzo akasoma tena, akitumaini kwamba amekosea, kama alivyozoea kukosea darasani. Hakuwa amekosea.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Hali ya Hatari ilikuwa imeingia mwaka wake wa tatu, askari wa kambi ya Gilgil walisimamisha watu barabarani, na kila mtu alimjua mtu aliyechukuliwa asubuhi na asirudi. Khaemba alitaka kufungua kile kibati saa ileile, lakini Jumamosi na Jumapili karakana ilijaa Wazungu toka kupambazuka. Akaificha fimbo. Alipoisogeza aliisikia: gundi ilikuwa imekauka na kupasuka, na vipunje vilikuwa vinacheza ndani, cha-cha-cha, kama mbegu ndani ya kibuyu.

Nitaifungua Jumanne, alijiambia, klabu ikiwa tupu. Bwana Yesu, nifikishe Jumanne.

Akatoka nje na fimbo zake sita.

Wachezaji walikuwa kumi na wawili, wengi wao wabeba mifuko ya fimbo za Wazungu. Bwana Katibu wa klabu alikaa kivulini. Kando yake alisimama Inspekta wa polisi, mwenye kiko mdomoni, kwa kuwa siku hizo Waafrika hawakukusanyika kumi na wawili bila afisa kuwapo. Yeye ndiye aliyeshika karatasi za kuandikia mapigo. Anayeita majina alikuwa Hemed, mpishi mkuu, mtu wa mjini ambaye babu yake alikuja na reli kutoka Mombasa. Hakucheza gofu, na kwa sababu hiyo aliwacheka wote sawasawa.

"Fundi Khaemba!" Hemed aliita. "Mbona fimbo sita? Moja umeisahau kitandani?"

"Sita zinanitosha, Bwana Hemed."

"Mwenye duka la viatu anatembea pekupeku! Haya. Thuo! Wewe nawe una ngapi?"

Thuo alikuwa mbeba mifuko hodari kuliko wote, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Ndugu zake, Wakikuyu kama yeye walioshukiwa na serikali, walipakiwa malori wakarudishwa Kiambu, na yeye alibaki Nakuru kwa barua moja tu ya Bwana Katibu, aliyoitembeza mfukoni ndani ya karatasi ya nta. Alinyanyua mfuko wake. "Sita pia. Sina ya mti."

"Mpatieni moja," alisema Bwana Katibu.

Kabla Khaemba hajageuka, Hemed alikuwa amekwisha ingia karakana. Alitoka na ile fimbo juu ya kichwa kama mtu aliyekamata jogoo. "Tazameni! Imefichwa nyuma ya mifuko! Fundi, hii ulimwekea nani, bibi arusi?"

Watu wakacheka. Thuo aliipokea, akaipima mkononi, akaitikisa. Cha-cha-cha.

"Ina kipande cha mti ndani," alisema Thuo. "Si kitu. Uzito wake ni mzuri sana." Akamwangalia Khaemba. "Utaniazima, ndugu?"

Inspekta alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akiwasha kiberiti. Khaemba alifungua kinywa. Akikataa, ataulizwa kwa nini. Akiulizwa kwa nini, atajibu nini?

"Chukua," akasema.

Wakapangwa pamoja, Khaemba na Thuo, na Inspekta akafuatana nao.

Shimo la kwanza Thuo aliipiga ile fimbo, na mpira ukaenda juu ya nyasi ukanyooka kuelekea mlima Menengai, mbali kuliko mpira wowote ambao Khaemba amewahi kuuona mfanyakazi akiupiga. Lakini Khaemba hakuutazama mpira. Alisikiliza. Ile sauti ilikuwa kubwa kuliko ya karakana. Kila hatua ya Thuo ilitikisa mfuko, na kila mtikiso ulisema vipunje viko ndani. Alitembea nyuma yake akiwaza jambo moja tu: fimbo hii ikipasuka, mimi ni fundi kutoka Kimilili, labda Bwana Katibu atanisemea. Lakini iko mikononi mwa Thuo. Nani atauliza Thuo aliipata wapi? Watamwona Mkikuyu mwenye risasi, na maneno yatakwisha hapo.

Shimo la pili. La tatu. Bwana, nyamazisha hiyo sauti, aliomba. La nne. Bwana, kaza skrubu hizo. Namba saba ilimteleza mkononi. Alikuwa anacheza vibaya, wala hakujali. Aliomba bila kukoma, midomo ikicheza, na mara nyingine alitamani Thuo ageuke amwulize, "Una nini?" ili amwambie. Thuo hakugeuka. Thuo alikuwa anashinda, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Khaemba hakuwa ameiona tangu ndugu zake wapakiwe lori.

La tano. La sita.

Hapo Inspekta akatoa kiko mdomoni. "Wewe, Thuo. Hii fimbo yako naipenda. Inapiga mbali, tena inaimba. Shimo la saba nitaijaribu mimi."

"Ndiyo, bwana," alisema Thuo, akitabasamu.

Inspekta alikuwa na mikono kama ya mpasua mawe. Khaemba aliwahi kumtengenezea fimbo tatu alizozipasua kwa kupiga ardhi. Akaona kibati cha shaba kikibanduka, akaona vipunje vikimwagika kwenye nyasi fupi mbele ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, akamwona Thuo bado anatabasamu.

Shimo la saba lilianzia ukingoni mwa bwawa. Mvua za Novemba zilikuwa zimelijaza mpaka kwenye matete. Inspekta aliinama kuandika mapigo kwenye goti lake.

Khaemba akamwendea Thuo akashika mpini.

"Nirudishie."

"Nini?"

"Fimbo yangu. Nirudishie sasa hivi."

"Ndugu, umeniazima mwenyewe."

"Nimebadilisha mawazo. Unanishinda kwa fimbo yangu mwenyewe! Lete!" Sauti yake ilipanda mpaka yeye mwenyewe hakuitambua. Akaivuta kwa nguvu, na Thuo, kwa mshangao, akaiachia. Khaemba hakuweka mpira kwenye kigingi kidogo cha kuuinua. Aliudondosha chini, akapiga kwa haraka, na mpira ukaruka hatua kumi ukaingia majini. Kisha akafanya jambo ambalo Wazungu walilifanya kila Jumapili, lakini ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuthubutu: alipiga ukelele wa hasira, akaizungusha fimbo juu ya kichwa, akaitupa katikati ya bwawa.

Ilielea kidogo, kichwa juu, kama mtu anayetaka kusema neno. Halafu ikazama.

Inspekta aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akalitazama bwawa, akamtazama Khaemba. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kiko kikaanguka. "Sasa amekuwa mchezaji wa kweli!" alisema.

Bwana Katibu hakucheka. Khaemba alikatazwa kucheza kwa miaka miwili. Thuo alimaliza kwa chuma chake namba mbili, akawa wa tatu. Jioni alipita mlangoni mwa karakana akasimama.

"Sikujua una roho ya namna hiyo," alisema. Tangu siku hiyo hakumsalimu tena.

Khaemba hakumwambia kitu. Siri ile, aliona, ilikuwa salama chini ya maji. Na baada ya Krismasi mvua zikakatika.

Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda bwawani kutazama. Mwezi wa kwanza maji yaliacha matete. Mwezi wa pili yakaacha ukingo mpana wa tope lililopasuka, na vumbi la ziwani likapeperushwa mpaka mjini. Kanisani wenzake waliomba mvua kwa ajili ya mahindi. Yeye naye aliomba mvua, na aliona aibu kwa sababu hakuwa anawaza mahindi.

Jumanne moja, klabu ikiwa tupu, alikuwa anasugua vyuma pale kivuli kilipoingia mlangoni. Alikuwa Thuo, tope likimfika magotini. Wabeba mifuko walikuwa wanaokota mipira iliyopotea. Mkononi alikuwa na ile fimbo. Kibati cha shaba kilikuwa kimelegea, kikining'inia kwa skrubu moja.

Thuo alifunga mlango nyuma yake. Akaipindua fimbo juu ya meza. Donge la gundi lilitoka kwanza, halafu vipunje, vyeusi, vidogo, vikibingirika mpaka kwenye unga mweupe wa Kariandusi na kusimama.

Khaemba aliona mkono wa Thuo ukienda mfukoni, pale ilipokuwa barua, ukaishika kwa juu ya nguo.

"Ulijua?" Thuo alinong'ona.

"Tangu Jumamosi ile kabla ya mashindano. Nilisoma tangazo."

"Kwa hiyo kule bwawani—"

"Ndiyo."

Thuo alikaa juu ya sanduku. Tope lilimdondoka miguuni vipande vipande. Khaemba alidhani atashukuru, na moyo wake ulianza kulegea kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

"Bwawa ni shimo la saba," Thuo alisema. "Nilianzia la kwanza."

"Nilikuwa naomba, ndugu. Kila hatua nilikuwa nakuombea."

"Mashimo sita, Khaemba."

Khaemba alitafuta moyoni maneno ya sala na hakuyapata. Aliona tu njia ile ndefu ya nyasi, na mgongo wa Thuo mbele yake, na yeye nyuma, midomo ikicheza.

"Nisamehe," akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu, si ya kuomba.

Thuo aliinuka. Akachukua kipande cha gazeti, akakusanya vipunje kimoja kimoja, akikagua hata kwenye nyufa za meza, na Khaemba akashika taa ya karabai ili aone vizuri. Walipokwisha walikwenda pamoja mpaka chooni, wakavimwaga, wakangoja mpaka wasikie vimefika chini.

"Siku nyingine ukiniona nimeshika kifo," Thuo alisema, "usiniombee kwanza. Nipigie kelele. Utaomba baadaye, na mimi nitaitikia amina."

Kisha akaenda zake bwawani kuokota mipira. Njiani aliinua mkono bila kugeuka, na Khaemba, amesimama mlangoni, akaona kwamba mkono ule ulikuwa salamu.