Waya Ukilia

Koleo alizungusha mkono wa kikazio, na waya wa kwanza ukajivuta kutoka kwenye majani, ukanyooka, ukaanza kutetemeka. Wifi yake, aliyekuwa ameufunga kwenye nguzo ya upande wa pili na bado ameushika, hakuutazama. Alitazama kilima.

"Wametokeza," alisema.

"Usionyeshe kidole. Mnyapara anatuangalia."

Uzio ulikuwa umekatiza uwanda mzima. Kilichobaki ni pengo moja, upana wa kupitisha malori mawili yakiwa bega kwa bega, na asubuhi, kabla hata vifaa havijashushwa, mnyapara alisema tajiri anataka lifungwe leo. Watakaolifunga wangebakizwa kazini kutunza uzio. Vibarua wengine wote walikuwa wameshafungasha. Koleo na wifi yake waliihitaji kazi hiyo kuliko yeyote. Mume wa Koleo, ambaye ni kaka wa Wifi, alikuwa amelala nyumbani na mgongo mbovu, na watoto wote walikuwa wakiwatazama wao wawili.

Lakini kundi la swala nalo lilikuwa likilitafuta pengo hilohilo.

Habari hizo ziliwafikia kupitia mtafiti, dada mrefu aliyevaa kofia pana, ambaye alishinda juu ya pikapu akigeuzageuza antena. Jike aliyeongoza kundi alikuwa na ukanda shingoni wenye redio, na popote alipokwenda dada yule alijua.

"Mvua imenyesha upande ule," alikuwa amewaeleza. "Majani yamechipua, na majike wananyonyesha, hawawezi kungoja. Kila mwaka wanapita hapa. Watoto wanajifunza njia kwa kufuata mama zao, hakuna anayewaambia kwamba mwaka huu kuna waya. Juzi waliukuta, na tangu hapo wanatembea kandokando yake wakitafuta mwisho wake."

"Si waruke?"

"Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, angeruka. Hawa kuruka uzio si tabia yao. Nilimwomba tajiri aniachie wiki moja tu. Karani wake akanijibu kwamba ardhi ina mwenyewe."

Koleo hakuhitaji kuelezwa yanayofuata swala wakikosa njia. Jina lake alilipata kwenye kipande cha kwanza cha uzio, alipotumwa akiwa na koleo la kukatia waya akawatoe swala walionasa wakafa. Wengine walikuwa bado na joto. Hakulia, wala hakuwaota usiku. Aliichukia tu kazi ile, na hakutaka kuifanya tena.

Sasa mtafiti alishuka kwenye pikapu na kuja mbio akiwa ameinama, kama anayekwepa tawi.

"Wanateremka. Yule jike ameshika njia hii, moja kwa moja."

Koleo alitupa jicho kwa mnyapara, aliyekuwa akija na nyundo begani, kisha akautazama waya. Ulikuwa umekaza vya kutosha. Ulikuwa umeanza kulia, ile sauti nyembamba ambayo kila fundi wa uzio anaijua: ukiisikia, unaacha.

"Wifi," alisema taratibu, "achia, uende nyuma ya nguzo."

Wifi alimwangalia usoni, kisha mikononi, akaelewa. Alijificha nyuma ya nguzo. Koleo akazungusha mara moja zaidi.

Waya ulikatika kwa mlio wa bunduki. Ncha yake ilipita hewani, ikachana mkono wa koti lake na kujikunja majanini kama nyoka aliyekanyagwa. Kule kilimani, kundi zima liligeuka na kutimka.

"Mungu wangu," alisema mtafiti. "Umewafukuza."

Koleo alikuwa ameufikiria waya, akausahau mlio.

Mnyapara alifika akihema. "Koleo. Waya ukilia si unaacha?"

"Nilidhani bado, bosi."

"Ulidhani. Mimi niko kule nausikia unaimba, wewe umeukumbatia unadhani."

"Msamehe," alisema Wifi akijipangusa vumbi. "Huyu hasikii tangu zamani. Kaka yangu alimwita mara tatu ndipo akageuka, na hata hivyo alidhani anaitwa mwingine."

Mnyapara alitaka kucheka, akajizuia. "Leteni waya mwingine. Upesi."

Waliukunjua waya mpya kutoka kwenye bunda lake, na hakuna aliyewahi kuona watu wawili wakikunjua waya polepole na kwa heshima kiasi kile. Wifi aliukagua kama kitambaa cha sare ya harusi. Mnyapara alikuwa amefungua kinywa awakaripie pale mtafiti alipomshika mkono.

"Chuchumaa, kaka. Tafadhali."

Yule jike alikuwa amerudi. Alisimama mbele ya pengo, karibu kiasi kwamba waliuona ukanda wake umechubuka pembeni. Nyuma yake walijipanga wengine, masikio yote mbele, na watoto wamejibanza chini ya matumbo ya mama zao. Simu ya mnyapara ikaita mfukoni. Mnyapara, mtu mzima mwenye kitambi, alijilaza juu yake kifudifudi akaigandamiza ardhini mpaka ikanyamaza.

Jike alinusa waya uliolala majanini. Akainua mguu mmoja, akaurudisha. Kisha akauruka ule waya mmoja uliolala chini, akipaa juu kabisa, kama anayeruka mto, na kundi lote likamfuata. Walipita kwa kishindo, vumbi, harufu ya manyoya na maziwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiruka palepale aliporuka wa kwanza. Wifi alikuwa amemng'ang'ania Koleo shingoni. Mnyapara, bado kifudifudi, alikuwa akinong'ona, "Piteni, piteni, piteni."

Vumbi lilipotulia alisimama, akajikung'uta, akawa mnyapara tena. "Haya. Mmeona sinema. Fungeni. Na kipande hiki ndicho mtakachokitunza."

Walifunga. Waya wa kwanza, wa pili, na kuendelea, furaha ikiwa bado imewajaa vifuani. Mtafiti alikuwa akikunja antena, akitabasamu peke yake.

"Kiangazi majani yale yakiisha watarudi mtoni," alisema. "Kwa njia hiihii."

Koleo aliacha kuzungusha. Aliutazama uzio, kisha mtafiti. "Wakikuta waya, na hawaruki, wanafanyaje?"

"Wanajaribu kupita chini. Wanapiga magoti."

"Mgongo wa anayepiga magoti unafika wapi?"

Mtafiti aliweka kiganja chini kidogo ya goti lake.

Koleo alifungua waya wa chini nguzo baada ya nguzo, akaupandisha mpaka ukakaribia wa pili, akaukaza tena. Ulipoanza kulia, aliacha.

Mnyapara alikuja kuhesabu. "Tano," alisema. Kisha akainama. "Huu wa chini mbona uko juu?"

"Ardhi imebonyea hapa," alisema Koleo.

"Imebonyea pengo zima?"

"Uwanda wote umebonyea, bosi," alisema Wifi. "Hukuwa umeona?"

"Tajiri akija na rula, msinitaje," alisema mnyapara, akaenda zake.

Koleo alikwenda kwenye nguzo ya kwanza nje ya pengo, kwenye uzio uliofungwa na kukaguliwa zamani, akapiga magoti na kuanza kulegeza waya wa chini.