Mama Tembo Hakwenda Bunagana

Wenceslas alikuwa fundi wa kutafsiri filamu, na mdomo wake haukuwa na breki. Hilo ndilo lililomchosha Léoncie. Alimwomba, akamwomba tena kabla ya kuanza: “Papa Wenceslas, minakuomba, sema tu ile iko mu filme. Usiongeze chumvi.” Yeye akacheka tu, akapuliza mikrofoni, puu, puu, kana kwamba hakusikia.

Filamu yenyewe ilikuwa katuni ya tembo wa kale, wale wenye manyoya mpaka machoni, na Léoncie aliitafuta kwa sababu moja. Mama tembo anazama kwenye tope, anakufa, na mtoto wake analelewa na shangazi. Umurerwa, mtoto wa marehemu dada yake, bado alikuwa akiambiwa kwamba mama yuko Bunagana, kule mpakani, kwenye biashara. Ndivyo watu wazima wa mtaa mzima walivyowaambia watoto yatima kama yeye, na Léoncie hakuwa na ujasiri wa kusema vingine. Leo, katika ukumbi wa parokia, filamu ingemfungulia njia, naye angemalizia wakirudi nyumbani Mugunga.

Filamu ilisema Kifaransa. Watoto walimsikiliza Wenceslas.

Tope likameza mkonga wa mama tembo. Watoto wa mbele wakaanza kulia, na Wenceslas alipoyaona machozi moyo ukamlegea.

“Batoto, musilie! Hakufa! Alienda Bunagana kuuzisha viazi. Atarudia!”

Makofi yakalipuka. Damu ikampanda Léoncie kichwani. Tembo auze viazi! Na katika miji yote ya dunia, huyu bwana hakuona mwingine ila Bunagana! Akainuka amkatize palepale, lakini Umurerwa akamshika kitenge.

“Anadanganya, tantine,” alimwambia mama yake mdogo taratibu. “Tuliona vile alizama. Anasema tu sawa vile weye unasema juu ya mama.”

Hasira zote za Léoncie zikakosa pa kwenda. Akamtoa mtoto nje, akachuchumaa mbele yake kwenye changarawe nyeusi, akamwambia.

“Mama yako alikufa, Umurerwa. Hayiko Bunagana. Hatarudia.”

Umurerwa alilia mpaka kwikwi zikamshika. Ndani watoto walikuwa bado wanashangilia. Akajifuta kamasi kwa mkono wa gauni, akageukia mlango.

“Na ule mutoto wa tembo,” akauliza, “nani atamuambia?”