Mlango Uliozibwa

Akaale alikuwa ameanguka mtihani wa waongoza watalii mara mbili. Lakini kilichomuuma si kuanguka, ni ile fomu: mbele ya wenzake aliwekewa kibweta cha wino, akatia dole gumba huku vijana wakitazamana. Tangu hapo, kila jioni, hakukosa ngumbaru, darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, pale mtaani Wabera. Leo ilikuwa mara yake ya mwisho kujaribu mtihani. Akianguka, kaunti ingempa beji mtu mwingine, naye Akaale arudi kwenye masufuria ya jikoni kambini.

Mtahini, Mbugua, alitaka mambo mawili: amwonyeshe panya mrukaji, kisha amweleze jina lake la vitabuni lilitoka wapi. Walipofika porini, Mbugua mwenyewe akainama kwenye shimo lililo wazi, tochi mkononi.

"Hapo hakuna mtu, mwalimu," Akaale akamwambia. "Boma likiwa wazi mchana, wenyewe wametoka. Wakiwa ndani wamelala, lango limezibwa."

Mtu wa nyumba za kufuli angejuaje? Akaale, binti wa wafugaji, alipiga hatua sita hadi penye udongo laini uliosindiliwa kama kifuniko, akamwomba Mbugua asogee nyuma, akakwaruza kwa kijiti. Mchanga ukafumuka upande wa pili, kwenye mlango wa kutorokea. Kinyama chenye mkia mrefu kikaruka mbele ya buti za Mbugua. Mbugua naye akaruka, ila panya alimshinda mbali.

Kuhusu jina, Akaale alikuwa amemuuliza Umuro, ustadhi wa madrasa jirani na ngumbaru. Waarabu wana mrukaji wao wa jangwani, yarbuu. Wazungu wakalichukua jina hilo wakasema jerboa, na huyu wetu, kwa kufanana naye, wakamwita jerbili, yaani kijerboa.

"Ni jina la kuazima," akamalizia, kifua mbele. "Sisi Waturkana tulikuwa tumeshampa lake."

Mbugua alicheka, akaandika alama, akasema amepita, tena vizuri. Kisha akafungua faili la zamani la Akaale, akaona lile doa la bluu la dole gumba, na bila ubaya wowote akamsogezea kibweta cha wino.

Akaale akakifunika.

"Nipe kalamu," alisema.

Akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, na la baba yake pia, ingawa fomu haikuliuliza.