Sidii Isiyofutika

Nchi ya Vumatele imelala kati ya vilima saba vyenye sanamu saba za mtu mmoja, Mtukufu Kidumu, aliyeitawala miaka mingi hata watoto wakadhani jina lake ndilo jina la cheo chenyewe. Ni nchi ambayo mvua ikinyesha redio humpongeza yeye, na isiponyesha huwalaumu wakulima. Mawaziri wake walikuwa wazito wa mwili na wepesi wa kupiga makofi. Jambo moja tu lilimnyima Mtukufu raha. Alipoingia madarakani alifuta kila picha na kila hotuba ya aliyemtangulia, kwa hiyo alijua kazi hiyo ilivyo rahisi.

Ndipo ikatoka amri kwamba maneno yake yote yachomwe kwenye sidii zile zinazoandikwa mara moja tu, zisizofutika, moja kwa kila kijiji. Atakayeikwaruza, atakayeivunja au kuizima ikiwa inacheza, kifungo cha maisha, awe nani awe nani. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza Mtukufu kwa mkono wake, maana mawaziri hakuwaamini hata kidogo.

Kazi ya kuchoma alipewa Bi Zawena, fundi wa kompyuta wa Ikulu. Fundi aliyemtangulia alikuwa gerezani kwa kosa la kukata kikohozi cha Mtukufu ili hotuba ienee kwenye sidii, na Zawena hakuwa na hamu ya kumfuata. Kwa hiyo alipofungua folda ya hotuba akakuta faili lililoandikwa "Machozi: Mazoezi", akalisikiliza kidogo, hakungoja limalizike. Alikwenda mbio kwa Waziri Chekeleo, msimamizi wake.

"Mheshimiwa, kuna faili moja naona lisiingie. Ungelisikiliza kwanza."

"Wewe nani wa kuona? Mwenzako naye aliona. Yuko wapi leo?"

"Basi naomba uniandikie, mheshimiwa."

Waziri aliandika kwa madaha, *Kila kitu*, akagonga na muhuri. Zawena akarudi kuchoma.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa pomoni, na sidii ya kwanza ikawekwa kwenye mashine mbele ya jukwaa. Hotuba ya kuwalilia waliokufa kwa ukame ikapita, kwikwi zote mahali pake, watu wakisinzia juani. Kisha sauti ileile ikarudi, kavu kabisa:

"Walikufa wangapi vile? Haya, nilie wapi, kwenye 'ndugu zangu' au kwenye 'wapendwa'? Lete kitunguu. Si hicho bwana, kikubwa! Na ile nyama imeiva?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele safu kwa safu, kikamfikia mama mmoja aliyezika watoto wawili mwaka ule. Kikakatika hapo.

"Zima!" alinguruma Mtukufu. Waziri Chekeleo akatazama viatu vyake. Wenzake wakatazama mawingu.

"Basi futa! Wewe mwanamke, futa!"

"Haifutiki, Mtukufu," alisema Zawena, kakumbatia karatasi yenye muhuri kama mtoto mchanga. "Ndivyo ulivyoagiza."

Mtukufu akashuka jukwaani mwenyewe, akaiendea mashine, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzima. Askari wawili walioapishwa kuilinda sidii wakapiga hatua moja mbele, pingu mkononi, wakasimama. Walimtazama yeye, wakatazamana, wakamtazama tena. Uwanja mzima ulikodoa macho kuona kidole kitashuka au hakishuki, na kwenye spika Mtukufu alikuwa bado anaulizia nyama.