Kabati Lenye Komeo kwa Ndani

Fundi kabati alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita kumi na nane, na hilo si la kukisia: alijipima mwenyewe kwa utepe wa kazini, akajiandika kwenye ukuta wa karakana, kati ya kipimo cha mlango na kipimo cha dirisha.

Siku moja akatembelewa na mwongozaji wa filamu. Filamu zake zilionyeshwa kwenye ghala la matairi, mbele ya watu thelathini waliopiga makofi hata umeme ulipokatika.

"Fundi, nakutaka wewe. Tajiri anamficha mtu mfupi kabatini. Wageni wakija, anamtoa wamcheke."

"Halafu?"

"Watazamaji nao wanacheka, kisha wanajionea aibu. Huo ndio uchokozi wenyewe."

"Wasipoona?"

"Lazima waone."

"Nani atawaambia?"

"Sanaa."

Fundi akajikuna kichwa. Kilichomvuta hakikuwa sanaa, kilikuwa ukurasa wa mwisho wa muswada aliopewa: mtu mfupi anatoka, anamfungia tajiri na wageni wake sebuleni, anawaambia, "Haya, chekeni sasa." Ukurasa huo akamsimulia mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama fundi aliyekuja kutazama mlango.

"Nitakuja kuona," alisema mama mkwe. "Wakikucheka wewe, kwangu usikanyage tena."

Kabati la filamu akalitengeneza mwenyewe, mbao ngumu, bawaba nne. Siku moja kabla ya kupiga picha, mwongozaji akaja na ukurasa wa mwisho umefutwa kwa mstari.

"Ukurasa huu unapunguza makali, fundi. Tuishie pale mlango unapofungwa."

"Ninapofungiwa mimi."

"Watazamaji wataumia sana."

"Wao au mimi?"

"Fundi bwana, ulishakubali!"

Fundi hakubishana. Aliomba tu kabati lilale karakana, kuna kitu kidogo cha kurekebisha.

Kesho yake wakaanza. Mwongozaji alikuwa na sheria moja: kamera haizimwi mpaka yeye aseme "Kata!" Mpiga picha wake aliiheshimu mno. Inasemekana aliwahi kumpiga picha mbwa aliyelala saa mbili nzima, kwa kuwa bosi alikuwa ameenda kula.

Tajiri akamsukuma fundi kabatini, akafunga mlango. Ndani ikasikika *ta!* Komeo.

"Safi," alisema mwongozaji. "Toka, turudie."

"Sitoki."

Mwongozaji akavuta mlango. Kazi ya fundi huyu huijui. Hata rangi haikukwaruzika. Kulivunja hakuthubutu, filamu nzima ilikuwa kabati. Likabaki tundu la hewa, lililotobolewa chini kabisa. Akainama.

"Fundi, tuongee."

"Sikusikii. Shuka kidogo."

Akapiga magoti.

"Bado."

Akalala kifudifudi, mdomo tunduni. Akabembeleza, akatisha, akamtaja mama yake mzazi. Ndani fundi alikuwa na chupa ya chai na mto. Dakika ya arobaini akasema, "Nisomee ukurasa wa mwisho. Wote. Kwa sauti." Mwongozaji akausoma wote, shavu likiwa sakafuni. Komeo likafunguka, fundi akatoka, akamtazama kutoka juu, jambo lililokuwa geni kwao wote wawili.

"Haya," alisema, "chekeni sasa."

Hapo ndipo mwongozaji alipokumbuka kusema "Kata!"

Filamu nyingine hakuwa nayo, na watu walishaalikwa. Jumamosi mchana ghala likajaa. Watu walicheka mpaka matairi yakaporomoka, mawili yakaonekana yakikata kona barabarani. Nyuma kabisa mwongozaji alimnong'oneza fundi, "Wananicheka mimi!"

"Tulia. Wataona aibu."

"Wasipoona?"

"Lazima waone."

"Umenitumia, fundi."

"Tofauti yetu ni kwamba wewe ungeweza kusema 'Kata!' wakati wowote," alisema fundi. "Mimi ulinifutia hata neno langu."

Mstari wa mbele, mama mkwe hakuwa amecheka hata mara moja. Alikuwa anatazama bawaba. Taa zilipowashwa, akamgusa bega mwanamke asiyemjua.

"Kabati lile kalitengeneza mkwe wangu. Yule pale."

Kisha akamwita kwa mkono. Fundi akaja.

"Mwanangu, na mimi nataka kama lile."

"La nguo, mama?"

"La kukaa. Komeo kwa ndani. Wageni wananichosha."