Siku Mbili Ambazo Sikuandika

Madam Wangeci alirudi kutoka semina Nakuru na karatasi kubwa ya manila, akaibandika ukutani kwenye karakana yake ya yunifomu, hapa Rongai. Mashati ya shule moja ya Kuresoi yalikuwa yamechelewa mara ya tatu, na mwalimu mkuu alikuwa amesema yakichelewa tena atatafuta fundi mwingine.

"Joyline, wewe una macho," Madam akaniambia. "Fuata shati moja tu, tangu likatwe mpaka lifungwe. Andika hapo kwenye karatasi kila kitu kinacholipata."

Nilifurahi. Mimi niliishia darasa la nane, na hakuna mtu alikuwa amewahi kunipa kalamu niandike kitu cha kusomwa na wengine.

Nikaanza na Anti Nangila kwenye meza ya kukata. Yeye ndiye alinileta hapa na kunifundisha cherehani. Hukata polepole, anapima mara mbili.

"Unanichunga kama ng'ombe karibu na mahindi ya watu," akanitania. "Haya, andika pia nimepiga chafya."

Niliandika: kukata, dakika thelathini na nne. Owino akashona kola na mikono, dakika ishirini. Kisha shati likaja kwangu, maana mimi ndiye hutoboa matundu ya vifungo. Matundu, dakika sita. Pasi na kufunga, dakika tisa.

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini shati lilikuwa la bluu, na cherehani yangu ilikuwa na uzi mweupe. Kubadilisha uzi ni usumbufu, kwa hivyo mimi huacha mashati ya bluu kwenye kapu mpaka yafike hamsini, nibadilishe mara moja. Nilikuwa naona hiyo ni akili. Shati lile lililala kwenye kapu langu siku mbili. Nikajiambia kulala si kazi, na kisicho kazi hakiandikwi. Lakini nilijua, kwa sababu nilifunika lile kapu na kitambaa.

Jumatano Madam akasoma karatasi mbele yetu. Kidole chake kikasimama kwenye thelathini na nne.

"Nangila, karibu nusu ya wakati ni wako."

"Nikiharakisha nitaharibu kitambaa, Madam."

"Kuna mtu Salgaa anakata kwa mashine. Wewe maliza wiki hii, kisha upumzike."

Anti akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Owino akaniinamia. "Haki, Joyline, dakika zote ni sitini na tisa, na shati limechukua siku tatu. Hizo zingine zilienda wapi?"

Nikajifanya natafuta sindano.

Alhamisi nilitoboa matundu bila kuikaribia ile karatasi. Ijumaa asubuhi Anti akaniita. "Njoo nikuonyeshe kukata kola, mwanangu. Huyo wa Salgaa akija na mashine ya matundu pia, uwe na kitu kingine mkononi."

Miguu ilinipeleka ukutani badala ya mezani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kati ya mstari wa mikono na ule wa matundu: kungoja kwenye kapu la Joyline, siku mbili. Herufi zilipinda vibaya.

Madam alisoma, akasoma tena. "Lilikuwa linangoja nini?"

"Yafike hamsini, nibadilishe uzi."

"Na kwa nini hukuandika?"

"Niliona aibu."

Madam akatoa simu, akamwambia yule mtu wa Salgaa asije. Akaniambia kuanzia leo kapu langu lisizidi mashati kumi. Kisha akamgeukia Anti, "Nisamehe, Nangila."

"Wewe huna kosa, Madam. Ulisoma kilichoandikwa." Anti akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mimi uliniandikia mpaka dakika za kupima mara ya pili, Joyline."

Akarudi mezani, akakunjua kitambaa kipya. Mimi nilisimama pale kando nikingoja aniite tena.

Kola hajanionyesha mpaka leo.