Madoa Mawili ya Kalikiti

Mama Mkaa, jirani yetu wa mlango wa pili, anadai kwamba shangazi yangu alikosa mume kwa sababu ya mafuta ya nywele.

Kwa maelezo yake, enzi za kalikiti saluni hii ya shangazi ilikuwa ya bibi yangu, na wanaume kwa wanawake walijazana kwenye benchi wakisubiri zamu. Kalikiti, kwa ambaye hakuikuta, ni nywele zinazotiwa dawa zikajikunja vipete, na lazima zipuliziwe mafuta kutwa nzima. Ukiegemea kiti, kiti kinalowa. Ukimkumbatia mtu, shati lake limekwisha. Basi kulikuwa na kijana fundi rangi, anakuja hata siku ambayo nywele zake hazina shida yoyote, anakaa ubavuni mwa shangazi, wanaegemea ukuta wanapiga soga, mpaka vichwa vyao vikaacha madoa mawili yaliyobanana kama mapacha.

“Na alikuwa na bugaluu hiyo,” anasema Mama Mkaa, “suruali pana chini mpaka akipita barabara haihitaji kufagiwa.”

Shangazi, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka, alisema Mama Mkaa hajambo kwa uongo, yeye hamkumbuki kijana yeyote. Akasuka kidogo, kisha akaongeza:

“Halafu bugaluu zilishapita wakati huo. Hizo ni za kaka yangu, enzi za afro na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Yule alivaa suruali ya marinda kiunoni, chini imebana.”

Mimi nikaendelea kuosha vitana. Humkumbuki mtu, unakumbuka marinda yake?

Shida yangu mimi ilikuwa ukuta. Wateja wa siku hizi, rasta zikikamilika au wigi likikaa sawa, kitu cha kwanza ni picha. Wanabinua midomo, na nyuma yao yapo madoa mawili yanatazama kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Mmoja alinilalamikia kwamba kwenye picha ameota masikio ya ziada. Nikamwomba shangazi tupake rangi. Akasema tusubiri mvua ziishe. Zilipoisha, akasema vumbi ni jingi. Siku aliyokwenda harusini nikapaka mwenyewe. Ukuta ukapendeza, lakini haukumaliza wiki: mafuta yalipenya, madoa yakarudi. Nikapaka tena, yakarudi tena. Shangazi akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

“Waache,” akasema. “Hao ndio wenyeji, wewe umekuja juzi.”

Ndipo Mama Mkaa akaninong'oneza kwamba yupo fundi anayeweza ukuta ule. Nilimuuliza kama ndiye yule. Akasema fundi ni fundi, mambo mengine hayamhusu, na macho yake yakasema yanamhusu sana.

Alikuja asubuhi na ndoo na msasa, mzee mrefu, suruali yake ya kazi ina rangi za nyumba zote alizowahi kupaka. Alipovua kofia, kichwa hakikuwa na hata unywele mmoja. Mkono wa shangazi ukasimama juu ya kichwa cha mteja aliyekuwa anamsuka, mwalimu mmoja.

“Karibu, fundi.”

“Starehe, mama mwenye saluni.”

Kama watu wasiojuana. Mzee akanieleza kwamba mafuta hayafunikwi, huoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha ukuta unapigwa msasa. Akaosha, akasugua, ukuta wote ukawa mweupe. Sehemu moja tu aliizunguka, ile yenye madoa mawili.

“Mbona pale umeruka?” akauliza shangazi.

“Pale nauliza kwanza.”

“Tangu lini ukuta ukaulizwa?”

“Namuuliza mwenye ukuta.”

Akaweka msasa chini. Akasimulia, sauti ya chini, jinsi alivyokwenda kwa babu yangu kuleta posa, kichwani amejifunga mfuko wa plastiki ili asichafue makochi ya watu. Babu akamtazama, akamwambia bintiye haolewi na mtu anayevuja, arudi akishakauka. Akaondoka kwa aibu, akaenda kutafuta kazi mbali. Huko akaoa, akalea, akafiwa na mkewe. Watoto wake sasa wana nyumba zao.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Baba alikuwa anakutania,” akasema. “Ulipotoka alicheka mpaka machozi. Kesho yake akaniagiza nikuwekee kiti, akasema yule kijana lazima atarudi.”

Nilidhani mzee atakasirika. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, na shangazi akacheka, na mwalimu akacheka ingawa kila akitikisika nywele zilimvuta. Mlangoni Mama Mkaa alikuwa amesimama na debe tupu, hajui hata amefikaje pale.

Kicheko kilipoisha, mzee akapangusa kiganja kwenye suruali, akakipitisha kwenye upara wake.

“Nimeshakauka,” akasema. “Baba yako hayupo tena, kwa hiyo nakuomba wewe mwenyewe. Utanikubali?”

Shangazi akageuka kumtazama. Kitana kilikuwa bado mkononi mwake, na mwalimu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, hakuthubutu hata kupumua.